Boda mpaka boda: Neno moja la Kiingereza na mipaka yake katika Kiswahili

"NIMECHUKUA boda mpaka boda." Sentensi hii haimpi taabu yoyote mkazi wa Ntimaru, Kehancha au Isebania. Ataelewa papo hapo kwamba msemaji alipanda pikipiki akafika mahali pa kuvukia kuingia Tanzania. Lakini mpe sentensi hiyohiyo mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kamusi tu, uone atakavyokuna kichwa. Maneno matatu ya mwisho yote yanahusiana na kile ambacho Waingereza hukiita "border". La kwanza limekuwa chombo cha usafiri, la pili ni kihusishi, la tatu ni mahali.

Leo ningependa tulitazame neno hilo la Kiingereza pamoja na namna tunavyolitafsiri. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa tafsiri: "Border" ni nini kwa Kiswahili? Jibu huja haraka: "Ni mpaka, Profesa." Jibu si baya, ila ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo huwaponza watafsiri, wanahabari na, kama tutakavyoona, hata wafanyabiashara wa mahindi.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Neno "border" liliingia katika lugha hiyo kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ya awali ilikuwa ukingo wa kitu, kwa mfano ukingo wa nguo au wa ngao. Baadaye likapanuka likabeba maana ya ukingo wa nchi. Hata leo maana zote mbili zingali hai: Mwingereza ana "border" ya kitambaa, "border" ya maua kando ya bustani, na "border" ya taifa. Sambamba na neno hilo ana "boundary", yaani mstari wenyewe unaotenga sehemu moja na nyingine. Ana "frontier", eneo la mbali ambako mamlaka ya nchi huanza kupungua nguvu. Tena ana "limit", kikomo ambacho hakipaswi kupitwa.

Msomaji wa kamusi akiona maneno hayo yote yakitafsiriwa kwa neno moja, mpaka, huenda akahitimisha kwamba Kiswahili ni maskini. Mimi napinga hitimisho hilo. Kiingereza hutofautisha dhana hizi kwa kubadilisha nomino. Kiswahili hutofautisha nyingi kati ya hizo kwa sarufi: kwa kihusishi kinachofuata nomino, kwa kiambishi -ni na kwa upatanisho. Asiyezingatia sarufi hiyo ndiye anayeufanya utajiri uonekane umaskini.

Ntimaru ni mahali pazuri pa kulithibitisha jambo hili. Mji huo uko Kuria Mashariki, katika Kaunti ya Migori, na mtu akisimama pale amezungukwa na mipaka ya kila aina.

Upo, kwanza, mpaka wa kimataifa. Uingereza na Ujerumani ziliafikiana kuuhusu mwishoni mwa mwaka wa 1886 kwa kubadilishana barua kati ya London na Berlin. Mstari ulianzia kwenye mdomo wa Mto Umba huko Pwani, ukaenda Ziwa Jipe, ukauzunguka Mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooshwa kama uzi wa fundi hadi pale latitudo ya nyuzi 1 kusini inapokutana na ufuo wa mashariki wa Ziwa Victoria, karibu na Muhuru ya leo. Mkataba wa mwaka wa 1890 ukauendeleza kuvuka ziwa. Mstari huo ulipita katikati ya Abakuria. Ndiyo maana hadi leo utawapata Abairege na Abanyabasi Kenya, na utawapata Abairege na Abanyabasi Wilaya ya Tarime, Tanzania. Mwaka wa 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Cairo, waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo nchi zao zilipopata uhuru. Mstari wa wakoloni ukawa mstari wetu.

Upo pia mpaka wa kaunti. Ukitoka Ntimaru kwenda upande wa Transmara, utaingia Kaunti ya Narok bila kuulizwa kitambulisho. Tena ipo mipaka ya koo, ile ambayo Wakuria huzingatia wanapozungumzia kila ikiaro na ardhi yake. Mwisho ipo mipaka ya mashamba, ambayo wakulima huiwekea alama kwa mkonge, ua wa miti au jiwe.

Mwingereza akifika hapo atasema "border" kwa mpaka wa kimataifa, lakini kwa kaunti na shamba atapendelea "boundary". Sisi tunasema mpaka wa nchi, mpaka wa kaunti, mpaka wa shamba. Kihusishi "wa" na nomino inayofuata vimeshaifanya kazi yote. Hakuna upungufu hapo. Jina la tume inayosimamia uchaguzi nchini Kenya ni mfano mzuri: neno "Boundaries" katika jina lake la Kiingereza limekuwa "Mipaka" katika Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, na hakuna Mkenya anayedhani kwamba tume hiyo hulinda Isebania au Namanga.

Majirani wetu nao wana maneno yao. Waluo, ambao ndio wengi katika Migori na Homa Bay, husema "kiewo". Wanyarwanda husema "umupaka", neno ambalo Mswahili halihitaji mkalimani. Waganda husema "ensalo", neno lenye uhusiano na kitenzi chao cha kukata. Ajabu ni kwamba Waganda hao wana neno "empaka", lakini kwao lina maana ya mabishano au mashindano. Sidai kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Nasema tu kwamba yeyote aliyewahi kukaa baraza la chifu kesi ya shamba ikisikilizwa atauelewa ukaribu wake.

Sasa tuje kwenye kiambishi -ni. Hapa ndipo vyombo vya habari hukosea mara kwa mara. Mpaka ni mstari. Mpakani ni eneo. Mstari hauna soko, shule wala zahanati, lakini mpakani pana vyote hivyo. Kwa hiyo tunasema "mpaka umepimwa", kwa upatanisho wa ngeli ya U-I, na "mpakani kuna biashara" au "mpakani pamechangamka", kwa upatanisho wa mahali. Anayeandika "mpakani umechangamka" amechanganya mstari na eneo.

Tofauti hii haiishii kwenye daftari la mwanafunzi. Chukua mafungu haya mawili: "mzozo wa mpaka" na "mzozo wa mpakani". La kwanza lina maana kwamba pande mbili hazikubaliani mstari uko wapi. Huo ndio uliokuwa mzozo wa Kenya na Somalia kuhusu Bahari Hindi, ambao Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague iliutolea uamuzi Oktoba 12, 2021. La pili lina maana ya ugomvi uliotokea katika eneo la mpaka, hata kama kila mtu anajua mstari ulipo. Ng'ombe wakiibwa Ntimaru wakavushwa ng'ambo, na wenye mali wakawafuata kwa mishale, huo ni mzozo wa mpakani. Gazeti likiuita mzozo wa mpaka, msomaji wa Mombasa au Dodoma atadhani serikali mbili zinagombania ardhi. Wizi wa mifugo utakuwa umegeuzwa uhasama wa mataifa kwa kudondosha silabi moja. Ni silabi ambayo watu wa Kuria hawawezi kumudu kuipoteza, kwa sababu kila askari anapoongezwa kwa sababu ya habari ya namna hiyo, wao ndio wanaosimamishwa njiani wakienda kumzika shangazi.

Tuingie sasa kwenye mpaka kihusishi. Lugha yetu imelichukua jina la mstari ikalifanya neno la kuonyesha mwisho wa safari au wa muda: kutoka Migori mpaka Ntimaru, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mantiki yake ni nyepesi. Safari hukoma kwenye mstari, na muda pia. La kuvutia ni kwamba neno mwenza wake, hadi, lilipita njia hiyohiyo. Limetokana na neno la Kiarabu "hadd", lenye maana ya mpaka au kikomo. Basi awe mtu amesema "mpaka jioni" au "hadi jioni", bado ameitaja mipaka.

Kwa kawaida mahali pa neno katika sentensi hututosha kujua lipi ni nomino na lipi ni kihusishi. Mei 16, 2020, wakati wa janga la Korona, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba watu hawataruhusiwa kuingia au kutoka kupitia mpaka wa Kenya na Tanzania, isipokuwa malori ya mizigo, swali lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa: "Mpaka umefungwa mpaka lini?" Mpaka wa kwanza una kitenzi chake, mpaka wa pili una "lini" yake. Hakuna utata.

Utata huja baada ya vitenzi vya kuvuka na kuvusha. Tazama sentensi hii: "Watu hawaruhusiwi kuvuka mpaka Jumatatu." Je, wamekatazwa kuvuka kwenda ng'ambo siku ya Jumatatu pekee? Au wamekatazwa kuvuka tangu sasa, na ruhusa itapatikana Jumatatu? Sarufi inaruhusu tafsiri zote mbili, na zinapingana. Kwa ya kwanza, Jumamosi ni siku ya kuvuka na Jumatatu ni marufuku. Kwa ya pili, Jumamosi ni marufuku na Jumatatu ni siku ya kuvuka.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja muuza mahindi sokoni Ntimaru alinisimulia jinsi sentensi ya aina hiyo ilivyomtia hasara. Karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa duka: "Hakuna kuvusha mahindi mpaka Jumatatu." Nani aliiandika, hakujua. Yeye akaelewa kwamba siku iliyokatazwa ni Jumatatu, akaharakisha kununua magunia yake ng'ambo ili ayavushe Jumamosi. Akazuiwa njiani. Mvua ikanyesha, na kufikia Jumatatu sehemu ya mahindi ilikuwa imeanza kuota. "Mwalimu," aliniambia, "hao watu waliandika Kiswahili au walitega mtego? Karatasi ilisema Jumatatu, mimi nikaenda Jumamosi. Sasa kosa langu ni lipi?"

Sikuona kosa lake. Kosa lilikuwa la mwandishi wa karatasi, na dawa yake ni rahisi. Panapozungumziwa kuvuka au kuvusha, acha neno mpaka libaki nomino, na kazi ya kuonyesha muda uipe hadi: "Hakuna kuvusha mahindi hadi Jumatatu." Kama unataka kuitaja mistari yote miwili, sema: "Hakuna kuvusha mahindi mpakani hadi Jumatatu." Maneno hadi na mpaka ni visawe kwingineko, lakini kwa mwandishi wa matangazo ya mpakani si visawe hata kidogo.

Bado kuna fundo jingine. Tukisema "hadi Jumatatu", Jumatatu yenyewe imo au haimo? Duka lililofungwa hadi Jumatatu litafunguliwa Jumatatu au Jumanne? Swali hili linafanana sana na lile la ua wa miti kati ya mashamba mawili: miti ni yangu au yako? Katika mazungumzo tunaelewana kwa muktadha. "Fanya kazi mpaka Ijumaa" hujumuisha Ijumaa. "Subiri mpaka Ijumaa" huishia Ijumaa inapoanza. Lakini katika mkataba wa kodi, barua ya likizo au tangazo la serikali, muktadha hautoshi. Andika "hadi mwisho wa siku ya Jumatatu", au taja siku ambayo ruhusa itaanza. Wanasheria wamewahi kushinda na kushindwa kesi kwa mambo madogo kuliko haya.

Tumeona ambako mpaka linafaa. Yako pia mahali ambako "border" ya Kiingereza haipaswi kutafsiriwa kwa neno hilo kabisa. Kanga ina "border", lakini hakuna Mswahili anayesema "mpaka wa kanga". Kanga ina pindo, na katikati yake pana mji, na chini ya mji pana jina. Ukurasa una pambizo. Mto una ukingo. Bahari ina ufuo. Umri wa kustaafu una ukomo. Gari lina kiwango cha juu cha kasi. Mtafsiri mwema, kabla hajaandika mpaka, hujiuliza: ni ukingo wa kitu gani? Mpaka hutenga vitu viwili vyenye wenyewe wawili. Pindo halitengi kanga na kitu kingine. Ni sehemu ya kanga.

Na "frontier" je? Hapa nakiri kwamba Kiswahili hutumia mpaka kwa shida kidogo. Serikali ya kikoloni iliita eneo kubwa la kaskazini mwa Kenya "Northern Frontier District", nasi tukalitafsiri Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Msikilizaji anayesikia jina hilo hufikiria mstari mwembamba, kumbe lilikuwa eneo kubwa kuliko mikoa mingi, lenye watu na miji yake: Garissa, Wajir, Mandera, Isiolo, Marsabit, Moyale. Kuliita eneo zima mpaka kulifanya wakazi wake waonekane kama watu wa pembeni ya nchi. Jina "mpakani" lingekuwa afadhali kisarufi, ingawa lisingewaondolea adha ya kutazamwa hivyo.

Turejee kwenye boda. Wapo wenzangu wanaolipiga vita neno hili kwa kuwa limekopwa wakati tayari tulikuwa na mpaka. Ningekubaliana nao kama boda lingekuwa limeliondoa mpaka kwenye kiti chake. Halikufanya hivyo. Fanya jaribio dogo. Shirika la madaktari linalofahamika duniani kote tunaliita Madaktari Wasio na Mipaka. Jaribu kusema "Madaktari Wasio na Boda". Kila atakayekusikia atadhani wanatembea kwa miguu! Jaribu pia "uhuru una boda zake", au "ameuvuka mpaka wa adabu" kwa kutumia boda. Haiwezekani. Boda halina maana ya kikomo cha mwenendo, wala halitumiki kwa shamba au kaunti. Mkulima wa Ntimaru anayekwenda Isebania kununua sukari husema "naenda boda", lakini jirani akilima hatua mbili ndani ya shamba lake atasema "ameingilia mpaka wangu". Mtu mmoja, siku moja, maneno mawili, na hayachanganyi.

Boda basi limechukua fungu moja tu: mahali pa kuvukia penye askari, ofisi za forodha, wabadilishaji fedha na matatu. Ni eneo la shughuli. Kutoka hapo likazaa jingine. Huko Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, wenye baiskeli waliokuwa wakibeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka walikuwa wakiita "boda, boda!" Jina la safari likawa jina la chombo. Baiskeli zikapisha pikipiki, hasa Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, na leo bodaboda zimejaa Nyeri na Dodoma, miji isiyokuwa karibu na mpaka wowote wa kimataifa.

Hapa tena sarufi ndiyo hutuokoa. Neno boda lina maana tatu, na kitenzi pamoja na upatanisho wake huzitenganisha. Mtu akisema "boda imefungwa", anazungumzia mahali. Akisema "boda imeharibika", anazungumzia pikipiki. Akisema "boda amenipigia simu", ni mwendeshaji, naye ameingia ngeli ya A-WA kama binadamu yeyote. Katika maandishi rasmi ningeshauri tuseme mhudumu wa bodaboda, na mahali tupaite kituo cha mpakani. Katika mazungumzo, mwacheni mkulima na boda yake.

Kwa muhtasari, nawaachia watafsiri na wanahabari mambo manne. Tumia mpaka kwa mstari na mpakani kwa eneo, na usiyabadilishe ovyo. Baada ya kuvuka na kuvusha, tumia hadi unapotaja muda. Tarehe inapokuwa na uzito, eleza kama imo au haimo. Na kabla hujatafsiri "border", uliza kwanza ni ukingo wa nini: wa nchi, wa kanga, au wa ukurasa.

Haya yanaweza kuonekana madogo kwa mtu wa Nairobi, ambaye hukutana na mpaka kwenye ramani tu au akisafiri kwa ndege. Kwa mtu wa Ntimaru, mwenye shamba Kenya, mjomba Tarime na gunia la mahindi lililo njiani, kila tangazo lenye neno mpaka ni jambo la mfuko wake. Ana haki ya kuandikiwa Kiswahili ambacho akikisoma mara moja anajua asafiri siku gani.